Nyumba ni ndogo, au korido ni kubwa mno?

SWALI: Habari za kazi, msanifu. Mimi na mume wangu tunajiandaa kujenga nyumba ya familia, ya chini, mita 11 kwa 13. Tuna watoto watatu, na mama mkwe wangu, ambaye sasa anatumia kiti cha magurudumu, atahamia kwetu. Ramani tumeichora wenyewe kwenye karatasi ya miraba. Korido ya mita 1.5 inapita katikati, kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma, na vyumba vimejipanga pande zote mbili, kila upande mita 4.75. Kuna vyumba vinne vya kulala (kimoja kina choo ndani), sebule, sehemu ya kulia chakula, jiko, stoo na bafu la wote. Kila tukigeuza, jiko linabaki na upana wa mita 2.4 tu. Tuondoe chumba gani?

JIBU: Dada, msiondoe chumba chochote kwanza. Chukueni kalamu mhesabu korido. Ndani ya nyumba yenu ina urefu wa karibu mita 12.6, na mkizidisha kwa 1.5 mnapata karibu mita 19 za mraba. Chumba cha kulala cha mita 4 kwa 4, ambacho wengi wangekiita kikubwa, kina mita 16. Yaani eneo kubwa kuliko chumba cha wazazi ni la kupita tu, na jiko ndilo linalolipa deni hilo.

Kabla sijasema tulifanyeje, kuna jambo la pili ambalo mchoro umelificha. 4.75 na 1.5 na 4.75 ni 11 kamili. Hesabu imefunga, lakini kuta ziko wapi? Mtu akikata nyumba yenu kwa upana anavuka kuta nne: mbili za nje na mbili za korido. Ukuta wa tofali pamoja na lipu pande zote mbili mkadirie sentimita 20. Hapo sentimita 80 zimeshakwenda, na vyumba mlivyoviita 4.75 ni 4.35. Jiko nalo, lililopangwa kwenye ule urefu wa mita 13, si 2.4 tena bali 2.2. Meza za jiko huwa na kina cha sentimita 60. Mkiziweka pande mbili, katikati inabaki mita moja, na mtu akifungua oveni mwenzake hapiti. Kwa jiko la watu wawili nataka mita 1.2 hapo katikati. Kwa hiyo choreni upya, na safari hii kila ukuta uwe mistari miwili yenye unene wake. Wateja hulalamika nikiwarudisha kwenye hatua hii, maana nyumba yote huonekana kusinyaa. Haijasinyaa, ila sasa mnaiona ilivyo.

Turudi kwenye korido. Igaweni nyumba kwa kukata upande wa mita 13: karibu mita 6 za mbele ziwe za mchana, yaani sebule, kula, jiko na stoo; mita 7 za nyuma ziwe za kulala. Mbele hapahitaji korido kabisa. Nyuma inatosha korido ya mita 5 na nusu hivi, upana 1.2, yenye dirisha mwishoni ili isiwe giza mchana kutwa. Hiyo ni chini ya mita 7 za mraba. Mlango wa nyuma uhamishieni jikoni, kwenye ukuta wa ubavuni.

Sitawadanganya kwamba mita 12 za mraba zote mlizookoa ni zenu. Watu watakuwa wanapita sebuleni kwenda vyumbani, na njia hiyo ina eneo lake hata kama haina kuta. Ramani nyingi za sebule ya wazi huharibikia hapa. Mlango wa kuingilia unakuwa kona moja, korido ya vyumba inaanzia kona ya mshazari, na kila mtoto anayekwenda kulala anakatiza kati ya viti na televisheni. Choreni mstari kutoka mlango wa mbele hadi mwanzo wa korido, na mwingine kutoka jikoni hadi meza ya chakula. Mistari hiyo ipite pembeni mwa viti, upana wa mita moja. Ikibidi, sogezeni mlango wa mbele hata mita mbili. Kuusogeza kwenye karatasi ni kazi ya kifutio.

Chumba cha mama mkwe kiwe cha kwanza korido inapoanza, karibu na bafu la wote na si mbali na wenzake wanapokaa. Mlango wake na wa bafu uwe na upenyo wa sentimita 80 au zaidi baada ya kutoa fremu. Agizeni milango ya 90. Isiwe na kizingiti. Ndani ya bafu wekeni duara tupu la kipenyo cha mita 1.5, ambalo kiti cha magurudumu kinahitaji ili kigeuke. Mkilikosa duara hilo leo, baadaye ni kuvunja ukuta. Kabati lake la nguo likae kwenye ukuta unaopakana na sebule, litapunguza kelele kiasi.

Vyumba vya watoto vijaribuni kwa samani badala ya kwa macho. Kateni vipande vya karatasi kwa kipimo cha 1:50, ambapo sentimita 2 ni mita moja. Kitanda cha urefu wa mita 2, nafasi ya kupita sentimita 80, kabati lenye kina cha sentimita 60: jumla 3.4. Chumba cha mita 3 kinakubali kabati sehemu nyingine, lakini si miguuni mwa kitanda. Choreni pia milango ikiwa wazi. Mara nyingi ndipo mtu anagundua kwamba mlango unagonga kabati, au swichi imejificha nyuma yake.

Vyoo: cha wazazi na bafu la wote vishiriki ukuta mmoja, na jiko lisiwe kona ya mbali kabisa. Bomba la maji taka la milimita 100 kwa kawaida hupewa mteremko wa 1 kwa 40, yaani sentimita 25 kila mita 10. Likizunguka nyumba nzima, mwisho wake unakuwa chini sana na chemba zinaongezeka. Na hakuna mlango wa choo kutazamana na meza ya chakula, tafadhali.

Vyumba vya kona vipeni madirisha kwenye kuta mbili ili hewa ipite. Epukeni madirisha mapana upande wa magharibi, jua la jioni huingia likiwa chini na kivuli cha paa hakilizuii. Kama mna wazo la ghorofa siku za mbele, mwambieni mhandisi sasa kabla ya msingi, na mtenge mita 2.2 kwa 3.3 hivi za ngazi.

Mchoro mpya ukishapitishwa na mhandisi na mamlaka ya ujenzi ya eneo lenu, pigeni vigingi na kamba kiwanjani kabla ya kuchimba, mpite na kiti cha magurudumu chenyewe. Vyumba vya kamba huonekana vidogo kuliko vitakavyokuwa, na hapo ndipo wengi humwambia fundi aongeze nusu mita kila upande. Msifanye hivyo. Vuteni futi kamba, mlinganishe na ramani, mwendelee.