Mafuta gani ya kupikia kila siku, na kwa kiasi gani?

SWALI: Mume wangu amepimwa, presha iko juu na lehemu (kolesteroli) imezidi. Tumeambiwa "mbadilishe mafuta", basi. Tuko sita nyumbani, hapa Dodoma. Natumia mafuta ya dumu ambayo hayajaandikwa ni ya zao gani, na asubuhi za baridi yanaganda. Dumu la lita 5 linakwisha kwa wiki tatu. Jirani ananishauri ninunue alizeti ya mashine ya mtaani kwa kuwa haina kemikali, lakini nilipoijaribu ilitoa povu na moshi ukajaa jikoni. Mafuta ya kukaangia maandazi huwa nayarudia mpaka yaishe. Na nazi je, niiache?

JIBU: Mama, kabla ya kuuliza mafuta gani, tupige hesabu ya hilo dumu. Lita 5 kwa siku 21, kwa watu sita, ni karibu mililita 40 kwa kila mtu kwa siku. Hivyo ni vijiko vya chakula viwili na nusu na ushee, na hapo bado hatujagusa karanga, maziwa, nyama na tui. Ni mengi, hata kama yangekuwa mafuta ya bei mbaya kuliko yote dukani. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, yawe ya zeituni au ya mawese, na kijiko kimoja cha chakula kinabeba kalori kama 120. Hakuna mafuta "mepesi".

Tuje kwenye aina. Mafuta ya kupikia yasiyotaja zao na yanayoganda kwa baridi ya kawaida, mara nyingi ni ya mawese au yamechanganywa na mawese. Soma kwenye viambato, maandishi yale madogo ya nyuma, usisome maandishi makubwa ya mbele. Yale "Hayana lehemu" yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu hayakusaidii kitu: lehemu hutoka kwa wanyama, kwa hiyo mafuta ya mmea wowote yanaweza kujisifu hivyo. Kinachopandisha lehemu mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye karatasi ya majibu, ni mafuta ya mgando yaliyomo ndani ya mafuta unayonunua. Wataalamu huyaita mafuta yaliyoshiba.

Mawese yana karibu nusu nzima ya mgando. Yale yaliyochujwa sehemu nzito yana pungufu kidogo, kama asilimia 45. Samli inapita asilimia 60, mafuta ya nazi yanakaribia 90. Upande wa pili, alizeti ina kama asilimia 11, ufuta 14, soya 15, karanga 17 hadi 20, na pamba kama robo.

Sasa weka namba hizo kwenye sahani ya mume wako. Kwa mililita 40 za mawese kila siku anapata gramu 16 hadi 18 za mgando kutoka kwenye mafuta ya kupikia peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mgando wa siku nzima usizidi asilimia 10 ya nishati, na kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni gramu 22 hivi. Akila kipande cha nyama yenye mafuta na kikombe cha maziwa, kashapita. Ukihamia alizeti na kushuka hadi mililita 24, anapata chini ya gramu 3. Hapo ndipo "mbadilishe mafuta" inapopata maana, kwa sababu umebadilisha aina na kiasi kwa pamoja.

Mililita 24 sikuzitoa hewani. Ni chupa ya lita moja kwa wiki, kwa watu sita. Kila Jumapili mimina lita moja kutoka kwenye dumu, weka chupa hiyo karibu na jiko, dumu lifungie kabatini. Chupa ikiisha Alhamisi, utajua wiki hiyo palikuwa na chapati. Dumu lako sasa litakaa wiki tano.

Mafuta mengi hupotelea mahali pawili. Kwanza ni mchuzi: watu humimina kutoka kwenye dumu "hadi kitunguu kiogelee". Kwa sufuria ya watu sita vijiko vitatu vya chakula vinatosha. Tia kitunguu, punguza moto, funika, na kikianza kushika chini ongeza kijiko cha maji badala ya mafuta. Kitaiva na kuwa rangi ya kahawia vilevile, ila kitachukua dakika nne tano zaidi. Pili ni chapati. Ukitia kijiko cha chakula kwa kila chapati, chapati kumi na mbili zimekula mililita 180, zaidi ya mgao wa nyumba nzima kwa siku moja. Tumia kijiko cha chai, upake kwa mgongo wa kijiko, na ukande unga kwa maji ya uvuguvugu ili chapati iwe laini bila kutegemea mafuta.

Jirani yako ana nusu ya ukweli. Mashine ya mtaani hukamua mbegu kwa nguvu ya parafujo tu, na mafuta hubaki na vitamini E yake na harufu yake. Lakini hubaki pia na maji, vumbi la mashudu na utomvu wa mbegu unaofanana na gundi. Povu ulilopata ni kazi ya huo utomvu na maji. Moshi ni chembe za mashudu zikiungua, pamoja na asidi huru zinazoongezeka mbegu zikihifadhiwa na unyevu. Ndiyo maana mafuta ghafi ya alizeti huanza kutoa moshi kabla hayajafika joto la kukaangia, wakati yaliyosafishwa kiwandani huvumilia zaidi ya nyuzi 220. Kiwandani huondoa utomvu kwa maji, asidi kwa magadi makali, rangi kwa udongo maalumu, na harufu kwa mvuke. Kusafishwa si kutiwa sumu. Isitoshe, kwa sheria za Tanzania mafuta ya viwandani yanatakiwa kuongezwa vitamini A, jambo ambalo mashine ya mtaani kwa kawaida haifanyi.

Ukiamua kuchukua ya mashine, yajaribu kabla ya kulipia dumu zima. Omba vijiko viwili, pasha kwenye sufuria kavu. Yakipasukapasuka, yana maji. Yakitoa povu lisilokufa, utomvu haujatolewa. Kisha yasafishe nyumbani hivi: pasha lita 5 hadi ziwe na joto la chai iliyotoka kumiminwa, yaani nyuzi 70 hivi, kisha epua. Mimina mililita 150 za maji ya moto kidogokidogo huku ukikoroga taratibu kwa dakika 20. Acha usiku kucha. Asubuhi utakuta chini tope la rangi ya kahawia, maji na utomvu vimeshikana. Mimina ya juu polepole, ukiliona tope linasogea acha, usiwe mchoyo. Malizia kwa kuyapasha kwa moto mdogo mpaka yasipasuke tena, maana maji yakibaki yatachacha upesi. Na tafadhali, maji yasiingie kamwe kwenye mafuta yaliyokwisha kuwa moto wa kukaangia: yanageuka mvuke kwa mara moja na kurusha mafuta usoni.

Hofu nyingine sokoni ni alizeti iliyochanganywa na mawese. Weka glasi moja kwenye friji usiku mmoja. Alizeti safi hubaki ikitiririka. Ghafi inaweza kupata ukungu kidogo kwa sababu ya nta ya maganda. Ikiganda nyeupe kama uji mzito, umeuziwa mchanganyiko. Kipimo hiki ni cha alizeti. Mafuta ya karanga huganda kidogo kwenye friji hata yakiwa halali, usimgombeze muuzaji.

Kwa karanga nina tahadhari tofauti. Ni mafuta mazuri na yanavumilia moto, lakini karanga zilizoota ukungu zina sumukuvu, na ukamuaji wa kawaida hauiondoi yote kwenye mafuta. Usafishaji wa kiwandani kwa magadi ndio unaoiondoa. Ya kukamua mtaani, nunua tu kama unajua karanga zilichambuliwa. Pamba nayo isinunuliwe ghafi, ina sumu ya asili iitwayo gosipoli inayohitaji kuondolewa kiwandani. Na mafuta ya kopo yaliyogandishwa kwa hidrojeni yaache kabisa. Yakigandishwa nusunusu hutoa mafuta ya transi, ambayo hupandisha lehemu mbaya na kushusha ile nzuri kwa mpigo.

Maandazi sasa, na hapa mambo yanageuka kidogo. Sifa ileile inayoifanya alizeti imfae mume wako ndiyo inayoifanya ichoke haraka kwenye karai: mafuta yasiyo ya mgando hushambuliwa upesi na hewa na joto. Mawese huvumilia zaidi, ndiyo maana wauza chipsi wanayapenda, mbali na bei. Kwa anayekaanga mara moja kwa wiki, alizeti iliyosafishwa inatosha, mradi usiirudie zaidi ya mara mbili au tatu. Kurudia "mpaka yaishe" ndiko kosa, hasa unapojazia mapya juu ya ya zamani. Yaliyochakaa huharibu mapya, hayasafishwi nayo.

Tumia sufuria ndogo yenye kina badala ya karai pana, uso unaokutana na hewa uwe mdogo. Joto liwe nyuzi 170 hadi 180. Kama huna kipimajoto, tupia kipande kidogo cha mkate: kikiwa cha dhahabu kwa dakika moja hivi, anza. Kikiungua kabla, punguza moto. Kikilala chini bila povu, subiri, la sivyo andazi litakunywa mafuta badala ya kuiva. Usijaze sufuria, maana maandazi mengi kwa pamoja yanashusha joto. Ukimaliza, acha mafuta yapoe, chuja kwa kitambaa safi kikavu, weka kwenye chupa yenye mfuniko, gizani. Makombo ya unga yaliyobaki ndiyo yanayoungua mara ya pili na kuyafanya meusi. Chumvi nayo huyachosha, kwa hiyo chipsi zitiwe chumvi zikishatoka. Samaki wakaangwe mwisho, kwa mafuta unayokwenda kuyatupa.

Ya kutupwa utayajua. Ni mazito, yanadondoka kama asali, yana povu dogodogo lisilokufa, yanatoa moshi kabla ya kuwa moto vizuri, na harufu yake inafanana na rangi ya mafuta ya kupaka ukutani. Rangi nyeusi peke yake si ushahidi, kwa kuwa unga na viungo huitia. Usiyamwage kwenye sinki, yanaganda kwenye bomba. Yachanganye na majivu au maranda kisha tupa na taka.

Nazi huna haja ya kuifukuza, ipe siku yake. Kikombe cha mililita 250 cha tui zito kina gramu 40 hadi 60 za mafuta, karibu yote ya mgando. Kwa hiyo siku ya wali wa nazi au maharage ya nazi, chupa ya mafuta isiguswe kwenye chungu hicho: kitunguu kichemke ndani ya tui jepesi, na tui zito kikombe kimoja liingie mwishoni kwa watu wote sita. Mara moja kwa wiki inatosha kwa mwenye lehemu.

Mawese mekundu ya Kigoma ni habari nyingine. Rangi ile ni karotini, ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A, na kijiko kimoja kwenye maharage ya watoto kina faida. Ukiyaunguza mpaka yawe meupe, umeichoma faida yenyewe. Kwa mume wako, mgando wa mawese hayo ni uleule.

Dawa alizoandikiwa aendelee nazo bila kukatisha, na lehemu ipimwe tena baada ya miezi mitatu, wakati huo mabadiliko ya jikoni yatakuwa yameonekana kwenye damu. Dumu lililobaki usilimwage. Litenge kwa maandazi, ukaange mara moja kwa wiki hadi liishe, na chupa ya alizeti ianze kwenye mchuzi leo.