Muulize Shangazi: "Namba ni ya benki, sasa kosa langu liko wapi?"

SWALI: Shangazi, shikamoo. Juzi nilipigiwa simu, kuangalia kioo naona namba ya benki yangu. Kijana akanitaja majina yangu matatu, akataja na tarakimu nne za mwisho za kadi, akasema kuna mtu anahamisha pesa zangu muda huohuo. Aliponiona nasita akaniambia, "Dada, geuza kadi yako usome namba iliyo nyuma. Si ndiyo hii ninayokupigia?" Nikageuza, ni yenyewe. Akasema nitaletewa namba sita kwa ujumbe, nimsomee ili afute muamala. Nimefika ya tatu, mume wangu akaninyang'anya simu akakata. Tangu hapo ananiita mjinga. Namba ilikuwa ya benki, sasa kosa langu liko wapi? — Aliyenuniwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mumeo alikuwa na haki ya kukunyang'anya simu. Ya kukuita mjinga hana, na ukitaka msomee jibu hili kwa sauti.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye kituo cha huduma kwa wateja cha kampuni ya simu, na hiyo "lakini namba ilikuwa yenyewe" nimeisikia mpaka nikawa naijua kabla mteja hajaimaliza. Namba unayoiona kwenye kioo inaletwa na upande wa mpigaji. Anayepiga kupitia mitambo ya simu za intaneti anaweza kukuta nafasi ya kujaza namba anayotaka ionekane. Kampuni zinaitumia kihalali, ili wafanyakazi wao wote waonekane kwa namba moja. Tapeli naye anajaza ya benki yako, mtandao unaipokea, unakuonyesha. Na kama uliihifadhi kwa jina, basi simu yako mwenyewe ndiyo inayomtambulisha kwako kuwa ni benki! Jina la mtumaji wa SMS nalo hughushiwa vivyo hivyo, na ujumbe wa uongo unaweza kujipanga chini ya ujumbe halali wa benki, kwenye ukurasa uleule.

Juhudi za kuziba mwanya huo zipo. Marekani ilitunga sheria Desemba 2019, na kampuni kubwa za simu zikapewa hadi 30 Juni 2021 ziwe zinatia saini ya kidijitali kwenye simu zinazopita mitandao yao ya intaneti, kuthibitisha kuwa namba ni ya mpigaji kweli. Imesaidia kiasi. Lakini simu ikipita kwenye mitambo ya zamani saini inapotelea njiani, na tapeli aliyejinunulia namba yake kihalali anatiwa saini kama mtu mwema.

Sasa tuje kwenye zile namba sita, maana hapo ndipo palipokuwa na kazi yenyewe. Wakati anaongea nawe, inaelekea yeye au mwenzake alikuwa amefungua ukurasa wa benki yako, ameshaingiza anachokijua, amebakiwa na hatua moja. Benki ikakutumia wewe namba, ikitaka kujua kama ni wewe unayeingia au unayetuma pesa. Usome tena ujumbe ule, mwanangu, usome mpaka mwisho: mara nyingi umeandikwa kabisa kwamba usimpe mtu yeyote, hata mfanyakazi wa benki. Lakini anayekuharakisha huku sikioni hakupi nafasi ya kufika mstari wa pili, na ndiyo maana hanyamazi. Benki ikitaka kuzuia muamala inauzuia. Haihitaji wewe uisomee namba iliyokutumia yenyewe.

Majina na tarakimu nne zisikubabaishe. Taarifa za wateja huvuja na kuuzwa kwa mafungu, na tarakimu nne za mwisho huchapwa hata kwenye risiti tunazozitupa.

Siku nyingine akikuambia geuza kadi, geuza kweli. Mwambie "asante", kata, kisha ipige namba hiyo wewe mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Mwenye nia njema hatakasirika. Akianza kupandisha sauti, au akisema usikate, umeshapata jibu lako. Kama unatumia simu ya mezani, piga kwa simu nyingine, kwa sababu kwenye baadhi ya laini hizo aliyepiga asipoweka chini mkono wa simu yake, laini haifungi papo hapo, na wapo wanaokupigia mlio wa bandia ili udhani umepata laini mpya. Leo hii wapigie benki uwaeleze, na ubadilishe neno la siri.

SWALI: Mashine inanipigia kila siku kunitangazia mikopo, mwishoni inasema "bonyeza 9 uondolewe kwenye orodha". Nimebonyeza na simu zimezidi. — Mchovu

JIBU: Zimezidi kwa sababu umebonyeza. Mashine ile inapiga namba kwa maelfu bila kujua ipi ina mtu. Wewe umeiambia kwamba yako ina mtu, tena mtu anayesikiliza hadi mwisho. Usibonyeze, usiongee, kata. Kuzifungia moja moja hakufai sana, kesho watakuja na namba nyingine. Washa mpangilio wa kunyamazisha wasiojulikana: kwenye iPhone upo tangu iOS 13 ya mwaka 2019, na simu nyingi za Android zina wa kufanana nao. Ubaya wake ni kwamba hata daktari anayekupigia kwa namba ngeni atanyamazishwa, kwa hiyo kama unasubiri simu ya maana uuzime kwanza. Marekani wana daftari la wasiotaka kupigiwa tangu 2003, na wauzaji waungwana wanaliheshimu. Tapeli halisomi.

SWALI: Shangazi, eti siku hizi wanaiga hata sauti ya ndugu yako? — Kaka Mkubwa

JIBU: Wanaiga. Januari 2024 wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu yenye sauti ya Rais Biden ikiwaambia wasiende kupiga kura ya mchujo, na Biden hakusema neno hata moja. Mwezi uliofuata mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikatamka kwamba simu za mashine zenye sauti za kutengenezwa zinaangukia chini ya sheria yao ya mwaka 1991, hivyo ni haramu bila ridhaa ya anayepigiwa. Mdogo wako akikulilia simuni kwamba amekamatwa na anataka pesa, kata umpigie kwa namba yake ya siku zote. Asipopatikana, tafuta aliye karibu naye. Ukishindwa kukata, muulize jambo la nyumbani ambalo hakuna aliyewahi kuliandika mtandaoni. Tarehe ya kuzaliwa haifai, wote tumeshampongeza huko.

SWALI: Namba ya nje inanibipu usiku, mlio mmoja tu. Nipige nijue ni nani? — Mdadisi

JIBU: Usipige. Nyingine ni namba za malipo makubwa kwa dakika, na sehemu ya pesa inamwendea aliyekubipu.

SWALI: Mtu alijifanya dereva wa mzigo, akaniambia nibonyeze *21*, kisha namba yake, kisha #, ili anipate kwa urahisi. Baada ya hapo WhatsApp yangu imepotea. — Mzee wa Kazi

JIBU: Pole sana, mzee mwenzangu. Ulichobonyeza ni agizo la kuhamishia simu zako zote kwake. WhatsApp inaweza kutoa namba ya kuthibitisha kwa kukupigia na kukusomea. Akaomba apigiwe, simu ikaenda kwake. Bonyeza *#21# uone kama simu bado zinahamishwa, halafu ##002# kufuta uhamishaji wote. Kisha jisajili WhatsApp upya kwa namba yako. Ukiingiza tarakimu sita utakazotumiwa, yeye anatolewa hapo hapo. Ikikudai na namba ya siri usiyoijua, ameiweka yeye, na itakubidi usubiri siku 7, lakini wakati huo naye hayumo. Ukirudi, weka ya kwako. Kwa sasa omba simu ya mwanao uwaambie jamaa kwamba atakayewaomba hela kwa jina lako si wewe, na uanze na wale wanaokuamini sana.