Kutoka kabro za Malindi hadi zege la Kangemi: piga hodi kwanza

Juzi kijana mmoja wa hapa Shela, Malindi, alinisimamisha, skeiti iko kwapani. "Kaka, tumefunga chuo. Nataka kwenda Nairobi nikacheze kwenye uwanja wa kweli. Niende wapi?" Nilianza kumjibu palepale barazani, adhana ya magharibi ikatukuta, tukaachana maneno hayajesha. Najua wapo wengine Watamu na Mambrui wenye swali hilo hilo, kwa hiyo jibu nimelileta hapa.

Nenda Kangemi. Kama una nauli ya safari moja na siku mbili za kulala kwa ndugu, usizitawanye mji mzima. Uwanja wa Shangilia ulijengwa kwa zege mwaka 2013, kwa msaada wa shirika la Kijerumani la skate-aid, lile lililoanzishwa na Titus Dittmann. Ukiwa katikati ya mji, panda matatu zinazopita Waiyaki Way kuelekea magharibi, ukipita Westlands hufiki mbali. Kwa mtu aliyekulia kwenye kabro kama sisi, yale matofali ya zege ya kutandikia njia, kuteleza juu ya zege lililosuguliwa likalainika ni jambo la kushangaza. Magurudumu hayapigi kelele. Unausikia upepo wako mwenyewe.

Lakini uwanja huo uko ndani ya Shangilia Mtoto wa Afrika, makao ya watoto waliookolewa kutoka maisha ya mitaani. Si bustani ya manispaa. Unaingia nyumbani kwa watu, na wenye nyumba ni watoto.

Safari yangu ya kwanza sikulitia hilo akilini. Nilikwenda na wapwa zangu wawili, tukafika asubuhi ya siku ya shule, macho mekundu kwa basi la usiku. Mlinzi akatuuliza tumekuja kumwona nani. Nikamjibu, "Tumekuja kucheza." Akanitazama, akasema kwa upole kwamba watoto wako darasani. Alikuwa na haki. Hakuna aliyejua kuwa tunakuja, na mimi, niliyelelewa kutovuka kizingiti cha jirani bila hodi, nilikuwa nimesafiri karibu kilomita 600 bila kuuliza kama mwenyeji yupo tayari. Tukazunguka mtaani, tukanywa chai, tukarudi alasiri na kuomba vizuri.

Kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi. Wasiliana na kituo, sema wewe ni nani, mko wangapi, mnataka siku gani, na wakikupa siku nyingine basi ndiyo siku yako. Ukifika getini, jitambulishe. Picha za watoto usipige bila ruhusa ya walezi, hata kama mtoto mwenyewe anakuomba umpige.

Ukishaingia, kaa chini. Wapwa zangu walitaka kurukia bakuli, lile shimo la zege lenye kuta zilizopinda, dakika ileile, nikawazuia, wakaninunia. Mgeni ni kuku mweupe, kila mtu anakuona. Tumia nusu saa kutazama watu wanaingilia wapi, wanatokea wapi, nani anamfuata nani. Ndani ya bakuli anaingia mmoja, akianguka au akitoka ndipo mwingine anashuka. Hakuna mstari uliochorwa, zamu iko machoni. Ukiweka mkia wa ubao ukingoni umeshatangaza kuwa unataka kushuka, basi usiuweke ukiwa bado unapiga gumzo. Ubao ukikutoka miguuni, piga kelele, maana unaweza kumvunja mtu kifundo cha mguu.

Kushuka ukingoni ndiko kunakowashinda wengi wetu, kwa sababu huku kwetu hatuna pa kujifunzia. Mkia wa ubao unakaa juu ya ukingo, mguu wa nyuma unaukandamiza, mguu wa mbele unakaa juu ya boliti za mbele. Kisha unaukanyaga ule wa mbele kwa uzito wako wote, bega la mbele likiufuata ubao. Mwili utakuambia urudi nyuma. Usiusikilize, kwa sababu ukiegemea nyuma magurudumu yanakimbia, wewe unabaki na kisogo chini. Mpwa wangu mdogo alianguka hivyo mara mbili, na helmeti ndiyo iliyompokea. Mtoto wa palepale, nadhani hakuzidi miaka kumi, akaja akasimama mbele yake, akamshika mikono yote miwili, akamwambia, "Sasa kanyaga." Akakanyaga. Akafika chini amesimama.

Helmeti, basi, si ya mjadala. Pedi za magoti pia nazihimiza, kwa sababu kwenye bakuli ukishindwa unateremka kwa magoti, unaserereka mpaka chini bila kuumia. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja zaidi, nunua kinga za viganja. Tukianguka tunatanguliza mikono, na kifundo cha mkono huvunjika upesi.

Kuna mambo mawili ya Nairobi ambayo mtu wa pwani huyasahau. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na sisi tumezoea hewa ya ufukweni. Siku ya kwanza pumzi itakukatika mapema, pumzika tu, si udhaifu. La pili ni mvua. Zege likilowa halichezeki, na mbao za skeiti zikinywa maji zinavimba. Epuka Machi hadi Mei na Oktoba hadi Disemba ukiweza. Januari na Februari ndiyo miezi yangu.

Sasa magurudumu. Haya ya hapa nyumbani, kama unacheza kwenye kabro za ufukweni Buntwani au lami ya barabara ya Lamu, yanatakiwa yawe laini na makubwa: ugumu wa 78A (namba ikipanda, gurudumu ni gumu zaidi), kipenyo milimita 60 hivi, yameze zile nyufa. Ukienda nayo kwenye bakuli yatanasa na kukuchosha. Zege laini linataka gurudumu gumu, 99A, milimita 52 mpaka 54. Seti moja ya magurudumu magumu mfukoni inatosha, unabadilisha kwa spana dakika kumi. Viatu vya soli bapa vya mitumba utavipata soko la Gikomba, usiende na raba zenye soli nene ya kukimbilia.

Nje ya Kangemi kuna Aga Khan Walk katikati ya mji, karibu na Mahakama ya Juu. Jumapili magari yakipungua, vijana wa skeiti za viatu na za ubao hukutana maeneo hayo. Hakuna rampu, ila kuna watu, na ukisalimia vizuri watakuonyesha mengine yote. Na safari yako ikipitia Mombasa, simama jioni Mama Ngina, pale palipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019. Ni pa kutembea zaidi kuliko kuruka, ila kupita taratibu kwenye njia pana chini ya mibuyu, bahari iko pembeni, kunalipa nauli. Wapishe wenye watoto. Mwenye moyo wa safari ndefu aendelee hadi Kitintale, Kampala, ambako vijana walijijengea uwanja wao mwaka 2006. Mimi bado sijafika, ninaweka akiba.

Kuhusu mabwawa ya kuogelea yaliyokauka, maana najua mnayaulizia. Ni kweli kwamba kucheza kwenye bakuli kulizaliwa humo. Ukame wa California wa 1976 na 1977 uliacha mabwawa matupu, na vijana waliozoea kupanda mawimbi baharini wakashuka humo na mbao zao. Malindi nasi tuna hoteli zilizofungwa na mabwawa yasiyo na maji. Ila tazama kuta zake. Yale ya California yalipinda taratibu kutoka sakafuni hadi ukutani, haya yetu mengi yamekutana kwa pembe, na pembe haikupandishi, inakutupa. Kinachofaa ni sakafu tu, ule mteremko wa kutoka upande wa watoto kwenda kwenye kina. Tuliupata mmoja kwa kumwomba mzee anayelinda pale. Tulimpa shikamoo, tukamweleza, akatupa saa moja kila Ijumaa baada ya alasiri, kwa sharti tufagie vigae vilivyovunjika. Wanaoruka ukuta ndio wanaotufungia milango sote.

Ukirudi nyumbani, chumvi ya bahari inakusubiri. Fungua beringi siku hiyohiyo, zioshe kwa mafuta ya taa, zikaushe juani, utie tone moja moja la mafuta ya cherehani. Usipake grisi nzito, inakusanya mchanga. Beringi zikianza kukwaruza, muulize fundi baiskeli wako kama ana namba 608, maana ndiyo saizi ya skeiti.

Lile gurudumu gumu huku halina kazi. Mpwa wangu alilifahamu hilo kabla yangu. Jioni ya mwisho Kangemi aliazima spana, akayafungua yote manne, akampa yule mtoto aliyemshika mikono. Tukapanda basi la usiku na ubao usio na magurudumu, ameulaza mapajani hadi Mtito Andei.