Kujichora kwa rangi za mafuta: kaa na kioo kwanza

Picha ya kwanza niliyojichora ilikuwa na uso wa rangi moja, kahawia kama ilivyotoka kwenye tyubu, na kila penye kivuli nilitia nyeusi. Pua ilikuwepo, macho yalikuwepo, hata kovu la juu ya nyusi yangu ya kushoto. Mimi sikuwemo. Niliishi nayo wiki nzima chumbani, hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ndipo nikaelewa: nilichora uso ninaoujua, si uso niliokuwa nauona.

Kwa hiyo kaa mbele ya kioo nusu saa bila kushika brashi. Ngozi nyeusi si kahawia. Kwenye paji la uso na juu ya shavu, pale inapong'aa, inaakisi anga la dirishani, na mng'ao ule una ubuluu. Masikioni na puani damu iko karibu, pana wekundu. Chini ya taya ukivaa shati la kijani utakuta ukijani. Nyeusi iweke kando kabisa. Mimi natumia rangi nne tu: nyeupe ya titani, oka ya njano (njano ya udongo), siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu) na altramarini, buluu iliyokolea. Siena na altramarini zikichanganywa zinatoa giza zito lenye uhai, unalivuta kwenye joto au kwenye baridi upendavyo. Kisha finya macho mpaka uone mapande ya mwanga na kiza tu. Hayo ndiyo ya kupaka mwanzo, nyusi na kope zitasubiri.

Suala la dirisha lilinitesa. Vitabu vya Ulaya vinasisitiza dirisha la kaskazini, kwa kuwa kwao jua halipiti huko. Sisi tuko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta: tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko kaskazini kwetu. Juni nzima vivuli vya usoni vilikuwa vinanihama kila saa. Siku hizi miezi hiyo nageukia dirisha la kusini, na Desemba narudi kaskazini.

Kitambaa changu ni marikani iliyowambwa kwenye fremu na kupakwa mikono miwili, yaani tabaka mbili, za jeso, ile rangi nyeupe ya kutangulizia. Usiiruke jeso, mafuta yakigusa pamba moja kwa moja huiozesha. Mkono wa kwanza wa rangi uzimue kwa tapentaini, wa juu ndio uongezewe mafuta ya kitani (ya mbegu za kitani), la sivyo picha itapasuka. Na matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike: yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka. Yatandaze nje yakauke.

Kuhusu hisia, wanaoanza hukunja uso mbele ya kioo. Nawasihi waache. Mchoraji wa Kiholanzi Van Gogh alijichora mara 35 hivi, maana hakuwa na fedha za kulipa watu wamkalie, na katika picha hizo mdomo umefungwa. Kinachosema ni mwendo wa brashi na rangi alizoziweka jirani. Nami nilipojichora baada ya kugombana na kaka yangu, uso niliuacha umetulia, ila nyuma yake niliburuta siena nzito kwa kisu, na shavu moja nikaliacha la baridi, karibu buluu tupu.

Mama alikuja kuniletea vitumbua, akasimama mbele ya picha. "Mwanangu, mbona una hasira hivi?" Sikuwa nimemweleza chochote. Akasogea zaidi. "Na hili kovu umeliweka upande siyo."

Ni kweli, kioo hugeuza. Sikulihamisha, kwa sababu upande huo ndio ninaouona mimi kila asubuhi. Wewe ukitaka sura waionayo wenzako, simamisha vioo viwili vikutane kwenye pembe ya mraba, ujitazame palipo na kiungo.