Mtoto anagombana na chupa, shida nini?

SWALI: Dada habari, mwanangu wa kike ana wiki 10, usiku namnyonyesha ila mchana anapewa chupa maana nimesharudi kazini. Mwanzo alikuwa anamaliza vizuri tu, sasa hivi akivuta kama dakika mbili anaanza kujinyonganyonga, anarusha miguu, anaiachia analia, nikimrudishia anaidaka kwa nguvu utadhani hajala tangu jana halafu analia tena. Nimebadilisha maziwa ya kopo mara mbili lakini wapi. Mama mkwe anasema ni tumbo, jirani anasema hayo maziwa hayamfai. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mama, najua inavyouma kumwona mtoto ana njaa na chakula kipo mdomoni lakini hali. Usinunue kopo la tatu kwanza. Angalia saa, kilio kinaanza dakika ya ngapi, maana hapo ndo utajua shida iko wapi.

Akilia hata kabla hajavuta, mara nyingi njaa imepitiliza au ana usingizi, au pua imeziba, na mtoto wa umri huo akishafumba mdomo kwenye chuchu anahemea pua tu.

Wako analia baada ya dakika mbili na bado anaitaka, mi hapo naitazama chuchu kwanza kabla ya maziwa. Hebu akiwa ananyonya inama uangalie kwa karibu, kama chuchu inabonyea inakuwa bapa na huoni vipovu vinapanda ndani ya chupa ujue hewa haiingii, anavuta weee hakiji kitu, lazima akasirike. Legeza kidogo kile kifuniko cha duara kinachoshika chuchu, na uangalie kama unga wa maziwa haujaziba tundu. Inawezekana pia amekua, na ile chuchu ya chupa ya watoto wachanga imekuwa ndogo kwake, basi jaribu saizi inayofuata. Tafadhali usitoboe tundu kwa sindano, yatakuja mengi atapaliwa.

Kuna na kinyume chake, maziwa yanakuja kasi kuliko anavyomeza. Huyo utamwona anagugumia, macho kayatoa, vidole kavitanua, maziwa yanachuruzika pembeni mwa mdomo. Geuza chupa kichwa chini, yanatakiwa yadondoke tone tone, yakimwagika kama bomba hiyo chuchu ni kubwa.

Kilio cha katikati ya chupa mara nyingi ni hewa tumboni. Mkalishe karibu wima, chupa ilale, iinue tu kiasi chuchu ijae maziwa, kila baada ya muda mfupi itoe apumue, mweke begani umcheulishe halafu aendelee. Itachukua dakika nyingi zaidi, sawa tu, hata ziwa halimmiminii mfululizo.

Na akigeuza kichwa akafumba mdomo mwishoni, kashiba jamani, hata kama zimebaki mililita 30. Kumlazimisha amalize ndo kunamfanya aichukie chupa, na hapa nasema kwa msisitizo maana naona wamama wengi wanapimia shibe kwa chupa tupu. Yaliyobaki mwaga, ikishapita saa 1 tangu aanze kunyonya usimrudishie.

Ila kuna mambo si ya kujaribu jaribu nyumbani. Ukiona utando mweupe mdomoni usiofutika, damu au kamasi kwenye choo, anatapika kwa nguvu kila akila, nepi zenye mkojo zimepungua chini ya 6 kwa siku, au haongezeki uzito, mpeleke hospitali. Homa ikifika 38 kwa mtoto chini ya miezi 3 usisubiri kukuche, nenda saa hiyohiyo.

Kwahiyo kesho anza na hicho kifuniko, ukae naye mwenyewe ukiitazama chuchu, halafu mwonyeshe na anayebaki naye mchana, maana yeye ndo anashika chupa nyingi kuliko wewe.