Laini Ikibadilishwa na Pesa Zikahama: Namna ya Kudai Kenya

Simu yako ikipoteza mtandao ghafla na za wenzako hapo hapo zinashika, huenda mwizi amehamishia namba yako kwenye laini aliyonayo yeye ili aingie benki kwa jina lako; usingoje kukuche. Azima simu nyingine, pigia benki kwanza wafunge akaunti na huduma zake za simu, kisha kampuni ya simu wazime laini. Benki itangulie kwa sababu wezi hupitisha pesa akaunti za watu wengine na kuzitoa kwa wakala kwa dakika chache tu. Kila unayezungumza naye akupe namba ya lalamiko, nawe uandike saa. Halafu kituo cha polisi, upate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Jibu utakalopewa na benki linajulikana: “Namba yako ya siri ndiyo iliyotumika.” Wengi hukata tamaa hapo, na inauma, kwa sababu jibu hilo halimalizi kesi. Namba ya siri ikiwa sahihi inaonyesha tu kwamba aliyeiingiza alikuwa nayo. Haithibitishi kwamba mwenye akaunti aliidhinisha malipo. Shindana juu ya yale benki iliyoyaona ikaendelea kulipa: laini mpya, kifaa kipya, namba ya siri iliyobadilishwa, kisha akaunti kukombwa kwa miamala mfululizo saa nane usiku. Yapange kwa dakika kwenye jedwali moja. Muamala wowote uliopita baada ya wewe kupiga simu una uzito kuliko yote. Udai peke yake, hata kama mingine itakataliwa.

Kumbukumbu za saa hizo wanazo benki na kampuni ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba taarifa zako, na kanuni za 2021 zinawapa siku 7 kukujibu, bila malipo. Andikia benki na kampuni ya simu pia. Uliza laini ilibadilishwa saa ngapi, wapi, na kwa kitambulisho gani. Katika barua hiyo hiyo wadai wahifadhi picha za kamera, maana mitambo hurekodi juu ya picha za zamani.

Pesa na data ni madai mawili, usiyachanganye. La pesa huanzia kwa benki yenyewe, likikwama lipeleke Benki Kuu ya Kenya, au mahakamani. Lisipozidi shilingi 1,000,000 linaingia Mahakama ya Madai Madogo, ambako wakili si lazima na sheria inataka hukumu ndani ya siku 60. La data ni la Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria humpa siku 90 kulimaliza. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinaruhusu fidia hata ya mfadhaiko, si hasara ya pesa peke yake. Na ikiwa data zilivuja kwa namna ya kuhatarisha wateja, kampuni ilipaswa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72 tangu ilipojua. Uliza kama ilifanya hivyo.

Usifute ujumbe wowote wala kuisafisha simu. Dai likiwa kubwa likafika kwa hakimu, picha za skrini zitahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, yaani maandishi yenye sahihi yanayoeleza nakala ya kielektroniki ilivyotolewa, na zisipokuwa nacho zinaweza kukataliwa.

Benki ikikurudishia sehemu ya pesa, soma karatasi kabla ya kutia sahihi. Maneno “malipo kamili na ya mwisho” huzima sehemu iliyobaki. Omba yaondolewe, au andika kwamba unapokea kiasi hicho bila kuacha dai la salio.