Mwalimu Anajibu: Mzee Sacleux, samaki sambaza na neno lililopigwa mstari mwekundu

Jambo Mwalimu. Katika maktaba ya parokia yetu kuna kamusi nene ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoandikwa na mtu aitwaye Charles Sacleux. Nilitafuta humo neno «sambaza» nikakuta kitenzi tu, lakini samaki wetu hayumo. Huyo Sacleux alikuwa nani, na kwa nini aliyaacha maneno yetu? (Msomaji, Kadutu, Bukavu)

Jambo sana, ndugu msomaji. Tuanze na samaki, maana hapo mzee wetu hana kosa. Sambaza tunaowakaanga na kuwala kwa bugali waliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, naye Sacleux alifariki mwaka 1943. Usimdai neno la samaki ambaye hata ziwani alikuwa hajafika.

Sacleux alizaliwa kaskazini mwa Ufaransa mwaka 1856, akawa padri wa Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1879, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akatumwa Zanzibar na pwani inayoielekea. Wenzake walikuwa na misheni huko Bagamoyo tangu mwaka 1868, na Bagamoyo ya wakati huo ilikuwa mlango wa misafara ya kwenda Ziwa Tanganyika na kurudi. Kwa hiyo masikio yake yalikuwa mahali pazuri: wapagazi, wavuvi, wafanyabiashara na walimu wa vyuo vya Kurani walipita mbele yake, kila mmoja na Kiswahili chake. Kiswahili kilichotufikia sisi wa Maniema na Kivu nacho kilitembea kwa miguu katika njia hiyo hiyo, ingawa yeye alikisikiliza kikiwa bado kwenye ncha ya pwani.

Mwaka 1891 alitoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili. Alirudi Ufaransa kabla karne haijaisha, na mwaka 1909 akatoa sarufi ya lahaja za Kiswahili. Kamusi kubwa uliyoikuta parokiani, yenye kurasa zaidi ya 1,100, ilianza kutoka Paris mwaka 1939, yeye mwenyewe akiwa amepita miaka 80. Hesabu kutoka kamusi ya kwanza hadi hiyo utapata miaka 48, yaani muda wa kutosha kwa mwanafunzi kuwa mwalimu, kustaafu na kuzikwa.

Ukitaka kumjua mtu huyo, usisome wasifu wake tu. Tazama anavyoliandika neno. Chukua neno «paa». Katika kamusi nyingi tunazotumia shuleni, paa la nyumba na paa mnyama wa porini huandikwa kwa herufi zile zile, na mwanafunzi hudhani yanatamkwa sawasawa. Sacleux aliweka alama ya kuyatofautisha, kwa sababu kwa watu wa pwani wanaotunza matamshi ya zamani, paa mnyama hutamkwa kwa pumzi na paa la nyumba bila pumzi. Weka kipande cha karatasi mbele ya midomo yako: kwa mnyama karatasi itatikisika, kwa nyumba itatulia. Sisi wa Bukavu hatuna tofauti hiyo, na wengi wa pwani wa leo pia wameipoteza, lakini kwa kuwa kuna mtu aliyeisikia na kuiandika, tunajua kwamba ilikuwepo.

Alikuwa pia mkusanyaji wa mimea, na wataalamu wa mimea wamelihifadhi jina lake katika jenasi, yaani kundi la mimea ya jamaa moja, iitwayo Sacleuxia. Hilo linaonekana katika kamusi, kwa maana majina ya miti hayaachwi hewani bali huambatana na jina la kitaalamu. Nami nakiri kwamba hakuna kinachoniudhi zaidi ya kufungua kamusi, kutafuta jina la mti, na kuambiwa kuwa ni «aina ya mti». Hilo nilikuwa nalijua kabla sijaifungua.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo zito. Sacleux hakuishi huku kwetu, basi hakuweza kuandika asichokisikia. Lakini aliandika maneno pamoja na mahali pake: hili ni la Amu (Lamu), hili la Mvita (Mombasa), hili la Unguja, hili la Mrima (pwani ya bara inayoielekea Unguja), hili la Ngazija (Komoro). Mwaka huo huo wa 1939 ilitoka London kamusi nyingine, ya Kiswahili na Kiingereza, iliyosimamiwa na Frederick Johnson kwa niaba ya kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930. Kamati hiyo ilikuwa ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, na ilikuwa imepewa kazi ya kusanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja, lahaja iliyokuwa imechaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji, haikuwa na kiti mezani. Johnson alitakiwa kuchagua, Sacleux alijipa kazi ya kukusanya, na shule zikachukua kazi ya Johnson, jambo ambalo silipingi, kwa kuwa vitabu vya shule vinahitaji tahajia moja. Ninachopinga ni kufikiri kwamba neno ambalo halikuchaguliwa ni neno bovu.

Mwalimu, kijana wangu anafundisha Kifaransa katika sekondari moja hapa kwetu, na sasa anasema ataandika kamusi ya Kiswahili cha Lubumbashi. Je, kazi hiyo inamlisha mtu? (Mama msomaji, kata ya Kenya, Lubumbashi)

Hapana, mama. Sacleux alilishwa na shirika lake. Johnson, aliyekuwa katibu wa kamati, alifariki mwaka 1937, miaka miwili kabla ya kamusi yake kutoka. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kukusanya maneno mapema kuliko hao wote, alifariki mwaka 1881, na kamusi yake ikatoka mwaka uliofuata. Kijana asiache mshahara wa ualimu, hata kama unachelewa, kwa sababu darasa ndilo litakalomlisha na ndilo litakalompa maneno. Aanze kwa kusoma kitabu cha Ferrari, Kalunga na Mulumbwa cha mwaka 2014 kuhusu Kiswahili cha Lubumbashi, chenye sarufi, masimulizi na orodha ya maneno, asije akatumia miaka mitano kulima shamba lililokwisha kulimwa.

Binti yangu wa darasa la nne aliandika katika insha kwamba mdogo wake «hajaanza kwenda masomo». Mwalimu wake alilipiga neno hilo mstari mwekundu, akaandika «shule» juu yake, na kumpunguzia alama. Nyumbani sote tunasema masomo. Tumekosea? (Baba msomaji, Birere, Goma)

Hamkukosea, baba, na mwalimu naye hakukosea kwa upande wa mtihani, kwa sababu katika Kiswahili sanifu masomo ni mambo yanayosomwa, na jengo wanamosomea ni shule. Kosa lake, kama ni kosa, ni kalamu. Ningekuwa mimi, ningeandika pembeni: «masomo ni ya kwetu Kongo; katika insha tumia shule», na mtoto angejifunza maneno mawili badala ya kupoteza moja. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba yetu ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Kilingala na Chiluba (Tshiluba), na sidhani waliokiandika humo walikuwa na mawazo ya Kiswahili cha Unguja peke yake.

Ninapofundisha hutumia kadi za karatasi ngumu, nazo nazihifadhi katika sanduku la sabuni. Juu naandika kidahizo, yaani neno linaloelezwa, kando yake ngeli, halafu maana kwa namba, kila maana na mahali inaposemwa. Kwenye kadi ya sombe nimeandika kwamba ni majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa, ambayo Tanzania huitwa kisamvu. Kadi ya bugali wa Bukavu imekaa na ya bukari wa Lubumbashi, zikielekezwa kwa ugali, maana hao ni ndugu wa tumbo moja waliovaa nguo tofauti. Chini kabisa huja mfano, na hapo ndipo walimu wengi hudanganya, kwa kuwa hutunga sentensi mezani badala ya kuandika iliyosemwa na mtu.

Kadi ya masomo ninayo, ina maana mbili, ya pwani na ya kwetu, lakini pale pa mfano bado ni peupe. Kama binti hajaitupa ile insha, nitumie sentensi yake nzima kama alivyoiandika, pamoja na umri wake, nami nitaiandika hapo.